Daytona 500: Kwa Nini Anayeongoza Huachia Mafuta

Atakayewasha runinga katikati ya mbio za Daytona 500 atakuta jambo la kushangaza. Magari yapatayo 40 yamejipanga safu mbili au tatu, pua kwa bampa, yanazunguka uwanja kwa kasi inayokaribia kilomita 300 kwa saa, na hakuna anayehangaika kumpita mwenzake. Kamera ya ndani ya gari ikiwashwa, sauti ya injini inaonyesha kwamba dereva hajakanyaga mafuta hadi mwisho. Ameachia karibu nusu, na gari lake ni zima. Anayeongoza naye ameachia vilevile, na huyo ndiye anayewapangia wote mwendo. Haya ni mashindano ya kasi ambayo washindani wake hupunguza kasi kwa hiari, mzunguko baada ya mzunguko.

Fumbo hili haliwezi kuelezwa kwa sentensi moja, kwa sababu limefungwa na vitu vinne vilivyozaana: uwanja ulizaa kasi, kasi ikazaa kanuni ya kuibana injini, injini iliyobanwa ikafanya hewa iwe mtaji mkuu, na hewa ikawasukuma mafundi kwenye hesabu za mafuta. Tufuate mpangilio huo huo.

Uwanja

Daytona International Speedway ulifunguliwa mwaka 1959 huko Florida, Marekani. Aliyeujenga ni Bill France, mwanzilishi wa NASCAR, chombo kinachosimamia mbio hizi tangu mwaka 1948. Kabla ya hapo magari yalishindana kwenye mchanga wa ufukwe wa Daytona na kipande cha barabara kilicho kando yake. France alitaka uwanja ambao dereva hatalazimika kukanyaga breki kwenye kona, hivyo kona zikainuliwa upande wa nje kwa nyuzi 31. Lami ya namna hiyo mtu huipanda kwa miguu akiwa ameinama. Mbele ya jukwaa kuu kuna pindo la tatu, lililoinuliwa nyuzi 18, na ndiyo sababu umbo la uwanja si yai kamili. Mzunguko mmoja ni maili 2.5, sawa na kilomita 4.02. Mbio kamili ni mizunguko 200, yaani maili 500 au kilomita 805.

Nusu kipenyo cha kona ni kama mita 305. Ukipiga hesabu ya kawaida ya fizikia, utaona kwamba katika mwinamo wa nyuzi 31 gari linaloenda kama kilomita 150 kwa saa lingepita konani bila tairi kuhitaji kushika lami kwa upande hata kidogo, kwa kuwa mwinamo peke yake unatosha kuligeuza. Kwa kilomita 305 kwa saa mambo hubadilika. Tairi zinatakiwa kushikilia kwa upande nguvu ya takriban mara moja na nusu ya uzito wa gari, na dereva hukandamizwa kitini kwa zaidi ya mara mbili ya uzito wake. Hali hiyo hujirudia kila mzunguko, na mzunguko mmoja huchukua chini ya sekunde 50.

Kwenye uwanja wa namna hii, gari lenye injini isiyobanwa litakwenda mbio kupita kiasi. Mwaka 1987 dereva Bill Elliott alifuzu, yaani alipimwa kasi peke yake ili kupangiwa nafasi ya kuanzia, kwa maili 212.809 kwa saa huko Talladega, Alabama, uwanja ndugu wa Daytona ulio mrefu zaidi kidogo. Hiyo ni zaidi ya kilomita 342 kwa saa. Wikiendi hiyo hiyo tairi la dereva mwenzake Bobby Allison lilipasuka, gari likageuka, likapaa na kurarua wavu unaowatenga watazamaji, na baadhi yao wakajeruhiwa. Kuanzia mwaka 1988 injini za magari yanayoshindana Daytona na Talladega zikawekewa kizuizi cha hewa.

Injini iliyobanwa koo

Gari la NASCAR la leo huitwa la "stoki", kama kwamba limetolewa dukani. Mwaka 1949, mbio za kwanza zilipofanyika, jina hilo lilikuwa na ukweli. Leo limebaki umbo tu: Chevrolet Camaro, Ford Mustang na Toyota Camry hutofautiana kwa sura na injini, lakini fremu, gia, shokapu, ringi na bodi za timu zote hutoka kwa watengenezaji walewale walioidhinishwa. Utaratibu huo ulianza na kizazi cha magari kilichoingia mwaka 2022. Milango haifunguki. Dereva huingia kwa dirishani, kisha wavu hufungwa nyuma yake.

Injini ni V8 ya lita 5.86 yenye vali zinazosukumwa na vijiti, teknolojia ya zamani iliyonolewa hadi ukingoni. Katika viwanja vingi hutoa nguvu-farasi 670 au zaidi. Daytona hutoa kama 510 tu, na tofauti hiyo yote inatokana na kipande kimoja cha chuma chenye matundu membamba, kinachokaa kwenye njia ya hewa kuingia injini. NASCAR ndiyo inayokitoa na kukikagua. Hewa ikipungua, petroli inayoweza kuchomwa nayo hupungua, na nguvu hushuka.

Matokeo yake ndiyo kiini cha mbio nzima. Gari lenye nguvu-farasi 510, likiwa peke yake, halifiki mwendo ambao dereva atalazimika kuachia mafuta konani. Anakanyaga hadi chini mzunguko mzima. Wote 40 wanaweza kufanya hivyo, na wote watafika kasi ileile kasoro vijisehemu. Dereva hodari hawezi kumkimbia dereva wa wastani kwa mguu wake wa kulia. Nguvu ya kumpita mwenzake lazima aitoe nje ya injini.

Kivuli cha upepo

Dereva wa bodaboda anayejibanza nyuma ya lori kwenye barabara ndefu anajua nusu ya jambo hili: lori linapasua hewa, yeye anapita kwenye njia iliyokwisha kufunguliwa. Nusu ya pili ndiyo wengi hawaijui. Gari la mbele nalo hufaidika. Nyuma ya gari linalokwenda kasi hubaki eneo la hewa pungufu linaloivuta bampa kurudi nyuma. Gari la pili likisogea karibu, hewa iliyorundikana mbele ya pua yake huingia eneo hilo na kupunguza mvuto. Magari mawili yaliyofuatana hukimbia kuliko kila moja likiwa peke yake, na kumi yaliyofuatana hukimbia zaidi. Ndiyo maana gari lililofuzu nafasi ya kwanza likiwa peke yake kwa maili 182 hivi kwa saa, ndani ya kundi hupita maili 190 bila kuguswa bolti hata moja. Dereva Junior Johnson aligundua jambo hili Daytona mwaka 1960 akiwa na gari ambalo kwa kasi halikuwafikia wapinzani, akajificha nyuma yao, na akashinda.

Kumpita mtu hapa kunahitaji mshirika. Dereva akichomoka kwenye safu ili ampite wa mbele, uso wa gari lake hukutana na hewa nzima, na papo hapo anapoteza msukumo wa aliyekuwa nyuma yake. Asipofuatwa na mtu, atasogea mbele nusu gari, atasimama hapo, kisha ataanza kurudi nyuma huku safu nzima ikimpita. Nimetumia neno "kusimama", ingawa bado anakwenda kilomita 300 kwa saa. Kila mzunguko huwa na dereva mmoja aliyeachwa katikati namna hiyo, akitafuta tundu la kurudi kwenye safu, na mara nyingi anaangukia nafasi ya 20 na kuendelea.

Mbinu ya pili ni kuminyana ubavuni. Dereva huisogeza pua yake hadi karibu na ubavu wa nyuma wa mpinzani. Hewa inayotoka kwenye pua hiyo huelekezwa juu ya spoila ya mpinzani, kile kibao kilichosimama mkiani mwa gari, na mpinzani hupungua mwendo kana kwamba amegusa breki. Akishampunguza, hujitenga haraka, kwa sababu akikaa hapo muda mrefu naye atafanyiwa vivyo hivyo.

Yote haya hayafanyiki kwa macho ya dereva. Ukanda wa kichwani na kiti kinachomkumbatia havimruhusu kugeuka. Juu ya paa la jukwaa husimama mwangalizi wa kila timu mwenye darubini na redio, naye husema bila kupumzika: yuko ndani, yuko nje, bado, bado, njia nyeupe. Mwangalizi akikosea kwa nusu sekunde, dereva huhamia safu ambayo tayari ina gari.

Hesabu ya tangi

Sasa turudi kwa kiongozi aliyeachia mafuta.

Tangi la gari hili hubeba galoni 20 za Marekani, kama lita 75. Kundi likikanyaga bila kuachia, tangi hutosha karibu mizunguko 40, yaani lita 1.9 hivi kwa kila mzunguko. Mbio za Daytona 500 zimegawanywa awamu tatu, na kwa miaka ya karibuni awamu ya kwanza imekuwa ikiishia mzunguko wa 65, ya pili wa 130, na ya tatu wa 200. Magari kumi ya kwanza mwishoni mwa kila moja ya awamu mbili za mwanzo hupata pointi, kuanzia 10 kushuka hadi 1.

Chukua awamu ya kwanza. Mizunguko 65 kwa mwendo kamili inahitaji kama lita 123. Tangi lilianza na 75. Upungufu ni lita 48, na hizo lazima ziingizwe kwa kusimama mara moja piti, yaani njia ya kando ambako gari huhudumiwa. Dumu la kujazia huchukua galoni 12, kama lita 45, kwa hiyo dumu moja halitoshi, na la pili linahitajika kwa lita chache zilizobaki. Punguza matumizi kwa asilimia 10 tu. Mahitaji yanashuka hadi lita 111 na upungufu unakuwa 36. Dumu moja linatosha na kubakiza.

Mafuta hushuka kutoka dumu hadi tangi kwa uzito wake tu, hakuna pampu. Kila lita ambayo haikutumika uwanjani ni muda ambao gari halitasimama piti. Na muda huo ni mali. Kwa mwendo wa kundi, sekunde moja ni mita 85, sawa na magari 17 yaliyopangwa mkia kwa pua. Dereva aliyebana mafuta kwa mizunguko 30 anaweza kuingia piti akiwa wa kumi na kutoka akiwa wa pili, bila kumpita mtu hata mmoja uwanjani na bila kuhatarisha bampa.

Hapo ndipo kitendawili kinapofunguka. Kumpita mtu uwanjani kunahitaji mshirika, bahati na ujasiri. Kumpita piti kunahitaji mguu mwepesi. Anayeongoza ndiye anayepasua hewa, hivyo huchoma mafuta mengi kuliko wote walio nyuma yake. Akikanyaga hadi chini, hawezi kuwakimbia, maana wamejificha kwenye kivuli chake, na wao wanabana huku yeye anamaliza tangi. Njia yake pekee ya kujilinda ni kuachia. Safu ya pili ikikaa sambamba naye, wa nyuma hawana pa kupita, na kundi zima linatulia. Watazamaji wengi wanauchukia mtindo huu, na ni haki yao; mizunguko 40 ya kubana mafuta haina msisimko wowote. Lakini kwa kanuni zilizopo, timu isiyobana inajiadhibu yenyewe.

Ndani ya piti

Wanaoruhusiwa kuvuka ukuta ni watano: wafungua nati wawili, mbeba tairi mmoja, mtu wa jeki na mjaza mafuta. Tairi mbili za kulia hubadilishwa kwanza, kwa sababu upande wa kulia ndio unaobeba mzigo wa kona. Mtu wa jeki hukimbia mbele ya gari kabla halijasimama vizuri, huingiza jeki chini ya ubavu wa kulia na kuliinua kwa mkandamizo mmoja. Kila ringi ina nati moja tu katikati, tangu mwaka 2022. Zamani zilikuwa tano. Bunduki ya hewa huifungua, tairi jipya huingia, nati hukazwa, gari hushushwa, na wote huzunguka kwenda kushoto. Tairi nne hubadilishwa kwa sekunde 9 hadi 11 na timu nzuri. Wakati huohuo mjaza mafuta amesimama nyuma kushoto na dumu lenye uzito unaozidi kilo 40.

Daytona lami haili tairi sana, hivyo mara nyingi timu huchukua tairi mbili au huacha zote na kujaza mafuta tu. Tairi zikibadilishwa, hubadilishwa ndani ya muda ambao mafuta yangeingia kwa vyovyote.

Makosa ya piti ni mengi, na karibu yote huanza na haraka:

- Mwendo. Daytona kikomo ni maili 55 kwa saa, kama kilomita 88. Njia ya piti imekatwa vipande kwa mistari ya kupimia iliyofukiwa chini ya lami, na mfumo hupiga wastani wa mwendo kwa kila kipande. Dereva hufuata taa za mizunguko ya injini kwenye dashibodi. Akizidisha wakati wa bendera ya kijani, yaani mbio zikiendelea kwa kasi kamili, analazimika kupita tena njia nzima ya piti kwa mwendo wa kikomo, na kundi linamtupa mbali.
- Breki baridi. Kwa kuwa breki hazijaguswa kwa mizunguko 30, chuma chake ni cha baridi. Dereva anashuka kutoka 300 hadi 88, tairi la mbele linagoma kuzunguka, linapata bapa, au mkia unahama na gari linazunguka mlangoni mwa piti. Wazoefu hugusa breki kidogo kwa mguu wa kushoto mzunguko mzima wa mwisho ili zipate joto.
- Tairi kuponyoka. Tairi kuukuu likimtoka mhudumu na kubingirika, ni adhabu.
- Nati moja. Isipokazwa sawasawa hakuna ya pili ya kusaidia. Gurudumu likichomoka uwanjani, gari huadhibiwa na wahudumu wanaweza kusimamishwa mbio zinazofuata.

Kitu kingine kinachowachanganya wageni ni magari kuingia piti kwa mafungu. Magari yote ya Toyota yanaingia pamoja, mzunguko unaofuata yanaingia ya Ford. Sababu ni ileile ya hewa: gari linalotoka piti peke yake hupoteza kama sekunde mbili kwa kila mzunguko likilinganishwa na kundi. Likitoka na wenzake sita, wanasukumana hadi kufika. Kwa hiyo timu ambazo ni wapinzani hupatana mzunguko wa kuingia kwa sababu tu zinatumia injini za kampuni moja. Mmoja akikosa mstari wa kuingilia au akizimikiwa klachi wakati wa kutoka, wenzake hawamsubiri.

Viwanja visivyo kama Daytona

Haya yote yasichukuliwe kuwa ndiyo NASCAR yote. Darlington, huko South Carolina, uwanja wa mwaka 1950 wenye mzunguko wa maili 1.366, ni ulimwengu mwingine. Una kona za upande mmoja zilizobana kuliko za upande wa pili, kwa sababu mjenzi aliahidi kutoligusa bwawa la samaki la aliyekuwa na ardhi. Lami yake ni kama tupa. Hapo injini haijabanwa kiasi kile, tairi huisha kwa muda mfupi, na gari lenye tairi kuukuu huwa polepole kwa sekunde kadhaa kwa mzunguko kuliko lenye tairi mpya.

Hivyo hesabu inageuka. Anayewahi kuingia piti hupata tairi mpya mapema na kumfikia aliyebaki nje. Lakini bendera ya njano, ishara ya hatari inayowapunguza wote mwendo, ikitokea mara baada ya yeye kuingia, waliobaki nje huingia piti wakati kundi limepunguza mwendo, nao hutoka mbele yake, huenda yeye akiwa nyuma kwa mzunguko mzima. Fundi mkuu wa timu hucheza kamari hiyo kila baada ya mizunguko 35 au 40.

Huko pia ndiko usukani wa gari unapozungumziwa zaidi. Dereva akilalamika kwenye redio, malalamiko huwa mawili tu: ama pua inagoma kukata kona na gari linasogea ukutani, ama mkia unatangulia. Dawa za haraka ni mbili pia. Ya kwanza ni upepo wa tairi, ambao ni naitrojeni kavu, kwa kuwa hewa ya kawaida ina unyevu na shinikizo lake hupanda ovyo joto likipanda. Ya pili ni spana ndefu inayoingizwa kwenye tundu karibu na kioo cha nyuma ili kukaza au kulegeza springi, na hivyo kuhamisha uzito kutoka pembe moja ya gari hadi nyingine.

Bendera ya njano na mafumbo yake

Njano ikipepea, hakuna kupitana. Tangu mwaka 2003 hata kukimbilia mstari baada ya njano kumekatazwa. Nafasi hugandishwa palepale. Gari la usalama linatoka, piti inafungwa hadi kundi lijikusanye, kisha inafunguliwa kwanza kwa walio mzunguko mmoja na kiongozi.

Gari la kwanza kati ya yaliyopitwa kwa mzunguko hurudishiwa mzunguko wake bure, mradi si lililosababisha ajali. Yaliyosalia yana njia ya pili: yasipoingia piti, huruhusiwa kulizunguka gari la usalama na kujiunga mkiani. Yanarudi kwenye mzunguko wa kiongozi, lakini kwa tairi na mafuta yaleyale. Kabla ya kuanza upya, kila dereva huchagua safu ya ndani au ya nje anapopita alama iliyochorwa kwenye lami. Daytona uchaguzi huo hautazami lami sana. Unatazama nani atakuwa nyuma yako kukusukuma.

Ajali kubwa

Kila mshabiki huisubiri na kuiogopa. Magari 40 yakiwa ndani ya mita mia chache, moja likiyumba, walio nyuma wana chini ya nusu sekunde. Chanzo cha kawaida ni msukumo mbaya. Kusukuma kunatakiwa kuwe katikati ya bampa, kwenye mnyoofu, polepole. Pua ikigonga pembe ya kushoto ya nyuma, au ikigonga kona inapoanza, nguvu hiyo humzungusha wa mbele. Pua za magari ya sasa zina mviringo, hazikai bapa kwenye bampa la mwenzake, na hilo limezidisha hatari. Chanzo kingine ni kuziba njia: kiongozi anahamia mbele ya safu inayokuja na kasi kubwa kuliko yake, amechelewa kidogo, basi.

Gari likigeuka kinyumenyume kwa kasi hiyo, hewa hulinyanyua. Vibao vya paa, vilivyolazimishwa tangu mwaka 1994, hufunguka vyenyewe na kuua mnyanyuo huo, ingawa si kila mara. Hatua nyingine zilikuja kwa gharama kubwa. Dereva nyota Dale Earnhardt alifariki katika mzunguko wa mwisho wa Daytona 500 tarehe 18 Februari 2001, na mwaka huohuo kifaa cha kushikilia kichwa na shingo kikawa lazima. Kuta laini, za mabomba ya chuma yenye povu gumu nyuma yake, zilianza Indianapolis mwaka 2002 na kuenea. Daytona bado ilikuwa na vipande vya zege tupu hadi dereva Kyle Busch alipovunjika mguu kwenye ukuta wa ndani mwezi Februari 2015. Baada ya hapo vikafunikwa. Ryan Newman alipinduka na kugongwa na gari jingine mita chache kabla ya kumaliza mwaka 2020, na siku mbili baadaye alitoka hospitalini kwa miguu yake.

Mizunguko ya mwisho

Zikibaki kama mizunguko 20, hakuna anayebana tena. Mafuta yanatosha, miguu inakwenda chini, na yale yote yaliyoahirishwa kwa saa tatu yanalipwa kwa dakika kumi na tano. Mistari miwili ya njano upande wa ndani wa uwanja ni mpaka: atakayeshuka chini yake ili ampite mtu huadhibiwa.

Njano ikija karibu na mwisho, mbio huongezwa. Magari hupangwa upya na kukimbia mizunguko miwili: wa kwanza wa kijani, wa pili wa bendera nyeupe, inayotangaza mzunguko wa mwisho. Ajali ikitokea kabla kiongozi hajaiona nyeupe, hupangwa tena. Ikitokea baada ya nyeupe, mbio zimekwisha, na mshindi ni aliyekuwa mbele njano ilipowashwa, kwa ushahidi wa video na mistari ya kupimia. Mwaka 2023 mbio zilifika mizunguko 212, ndefu kuliko zote katika historia yake, na Ricky Stenhouse Jr. akashinda. Hapo tangi lililobanwa linaonekana thamani yake, kwa sababu mizunguko 12 ya ziada kwa mwendo kamili hula zaidi ya lita 20 ambazo hakuna aliyepanga kuzitumia. Mwaka 2024 William Byron alishinda kwa sababu njano iliwashwa akiwa mbele ya Alex Bowman kwa tofauti ndogo mno. Mwaka 2021 Michael McDowell, katika mbio zake za 358 akiwa hajawahi kushinda, alikuwa wa tatu mzunguko wa mwisho; wawili wa mbele, Brad Keselowski na Joey Logano, wakagongana, naye akapita katikati ya moshi.

Bendera ya madrafti, inayofunga mbio, haifungi hesabu. Gari la mshindi hupelekwa kwenye ukaguzi, na tangu mwaka 2019 likikutwa na kosa kubwa mshindi huvuliwa ushindi na kupewa wa pili. Bodi yake huwa imeshapimwa kwa kamera kabla ya mbio na kulinganishwa na umbo lililosajiliwa, kwa sababu katika uwanja ambao injini zote zimebanwa sawa, milimita chache za bodi zinazoielekeza hewa vizuri zina faida kubwa kuliko chochote ambacho fundi angeweza kufanya chini ya boneti.

Kwa wanaofuatilia kutoka huku kwetu: mbio hukimbiwa mwezi Februari, siku ya Jumapili. Zikipangwa kuanza saa nane na nusu mchana za Florida, Nairobi na Dar es Salaam huwa saa nne na nusu usiku. Mvua ikinyesha uwanja hukaushwa kwanza, kwa kuwa tairi laini zisizo na michirizi hazishiki kitu kwenye mwinamo wenye maji. Mwaka 2024 ilibidi mbio zote zihamie Jumatatu.